Mtaka cha Mvunguni Sharti Ainame: Hesabu za Kukadiria Jibu Bora

Huenda ukashangaa kuona hesabu ndani ya jarida letu la Kiswahili. Tafadhali usifunge ukurasa! Hesabu hizi hazikutoka mbali. Zilizaliwa humu humu chamani, tena zilihusu shilingi zako ishirini ulizotoa. Mimi nikiwa mweka hazina nina deni la kukueleza jinsi zilivyotumika, na jinsi nilivyokaribia kuzitumia vibaya.

Bila shaka unaikumbuka aibu ya mwaka jana. Tarehe 7 Julai ndiyo Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka wa 2021, nasi tulikuwa tumewaalika wazazi. Ukumbi ulijaa pomoni. Ngonjera ya Kidato cha Pili ilikuwa imefika pale patamu, mara maiki ikakata. Hatukuwa na nyingine. Wale wanafunzi walijaribu kupaza sauti zao wenyewe, lakini mvua ilikuwa ikipiga mabati kama ngoma. Wageni wakaanza kutoka mmoja mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya jukwaa nikitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwaka huu tukaapa: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wanachama 55 tulichanga shilingi 20 kila mmoja, zikawa shilingi 1,100. Mkutano ukaamua pesa hizo zinunue vifaa vya akiba. Nikaambiwa niandike orodha.

Tatizo lenyewe

Vyombo vyetu vya sauti vina sehemu tatu zinazosumbua: maiki, waya na seti ya betri. Spika yenyewe haijawahi kutuangusha. Sehemu hizi tatu ni kama pete za mnyororo. Moja ikikatika, hata kama nyingine ni nzima, ukumbi mzima unanyamaza.

Nilichukua daftari la katibu nikahesabu hafla kumi zilizopita. Maiki ilimaliza hafla 7 bila kufa, waya ulimaliza 8, betri zilimaliza 6. Basi uwezekano wa kila kifaa kudumu hadi mwisho ni 0.7 kwa maiki, 0.8 kwa waya na 0.6 kwa betri. Hafla kumi ni chache, najua, lakini ndizo tulizokuwa nazo.

Wenzangu wa Kidato cha Tatu mnajua kwamba matukio yasiyotegemeana huzidishwa. Zidisha 0.7 kwa 0.8 kwa 0.6. Jibu ni 0.336. Yaani tukiwa na kifaa kimoja kimoja, katika kila hafla tatu, mbili zinakatika! Kumbe aibu ya mwaka jana haikuwa mkosi wala jicho la mtu. Ilikuwa hesabu tu.

Sasa tazama akiba inavyosaidia. Tukiwa na seti mbili za betri, tunaharibikiwa pale tu zote mbili zinapokufa, yaani 0.4 mara 0.4, ambayo ni 0.16. Kwa hiyo uwezekano wa kufaulu unapanda hadi 0.84. Seti tatu zinatupa 0.936. Seti nne, 0.9744. Umeona? Seti ya pili iliongeza pointi 24, ya tatu ikaongeza pointi 9.6, ya nne haikufikisha hata pointi 4. Faida haipandi sawasawa. Ukiichora kwenye karatasi ya grafu hupati mstari ulionyooka, unapata mkunjo unaopanda kwa kasi kisha unachoka. Ndiyo maana wataalamu huliita tatizo la namna hii tatizo lisilo la mstari.

Kuna jambo la pili. Huwezi kwenda dukani ukasema, "Naomba maiki nusu." Lazima ununue moja, mbili au tatu. Hizo ni nambari nzima.

Jambo la tatu ni mpaka. Maiki ni shilingi 600, waya 300, seti ya betri 200. Tuna shilingi 1,100, basi. Unatafuta orodha ipi itakayotupa uwezekano mkubwa kabisa wa sherehe kumalizika?

Weka pamoja hayo matatu, yaani mkunjo, nambari nzima na mpaka, na umepata mojawapo ya aina ngumu mno za hesabu duniani. Nami nilidhani ni kazi ya dakika tano.

Mwenye pupa hadiriki kula tamu

Nilifanya jinsi mtu yeyote mwenye akili angefanya. Kila mara nilijiuliza: nikitumia pesa sasa hivi, kila shilingi mia itanipa faida kubwa zaidi wapi?

Hatua ya kwanza, betri zilishinda kwa mbali, zikatupandisha kutoka asilimia 33.6 hadi 47. Hatua ya pili, waya ulishinda, tukafika asilimia 56.4. Nikabaki na shilingi 600. Hatua ya tatu, maiki ilikuwa inatoa pointi 2.8 kwa kila shilingi mia, betri zikitoa pointi 3.2. Nikachagua betri. Si ndizo zilizoongoza? Nikabaki na 400, na sasa maiki haiwezekani tena kununuliwa. Basi nikaongeza betri, nikaongeza tena betri, pesa zikaisha kabisa.

Orodha yangu ikawa: maiki 1 ile ile ya zamani, waya 2, betri seti 5. Uwezekano: asilimia 66.5. Kutoka 33.6 hadi 66.5 si mchezo! Nikaiandika kwa kalamu nyekundu, nikaipeleka kwenye mkutano nikiwa nimevimba kichwa.

Msichana mmoja wa Kidato cha Kwanza akainua mkono. "Samahani, dada," akasema, "na hiyo maiki moja ikifa, hizo betri tano tutazifanyia nini?"

Watu wakacheka. Mimi nilichemka kidogo, sitaficha. Nikamwambia kwamba hesabu imefanywa hatua kwa hatua na kila hatua ni bora kuliko nyingine zote. Lakini usiku sikulala vizuri. Kesho yake nilikaa na kuandika orodha zote ambazo shilingi 1,100 zinaweza kununua. Zilikuwa 21 tu. Nikazipiga hesabu zote 21.

Orodha iliyoshinda ilikuwa hii: maiki 2, waya 2, betri seti 2. Gharama ya akiba ni 600 na 300 na 200, jumla 1,100 kamili. Uwezekano ni 0.91 mara 0.96 mara 0.84, yaani asilimia 73.4. Yule mtoto alikuwa amenishinda kwa karibu pointi 7, tena bila kalamu.

Njia yangu inajulikana sana, nayo ni njia ya pupa: chukua kilicho bora sasa hivi wala usitazame mbele. Si njia mbaya. Ni ya haraka na mara nyingi hukaribia ukweli. Lakini ile hatua ya tatu, nilipochagua betri kwa tofauti ya nukta chache, nilijifungia mlango wa maiki bila kujua.

Kwa nini tusijaribu zote?

Nilimwendea mwalimu wa Hisabati nikamwuliza, "Mwalimu, si heri tuwe tunaandika orodha zote tu na kuchagua?"

Akanijibu, "Wewe ulikuwa na vifaa vitatu. Sasa chukua mtambo wenye sehemu 30, na kila sehemu unaweza kununua moja hadi tano. Orodha ni ngapi?"

Ni 5 kwa kipeo cha 30. Fanya kwa logi kama tulivyofundishwa utapata kama 9.3 zidisha 10 kwa kipeo cha 20. Tuseme kompyuta yako inapima orodha bilioni moja kila sekunde. Itachukua zaidi ya miaka 29,000! Mwaliko wa wazazi utakuwa umeshapitwa.

Wenzetu wa Kidato cha Nne wana tatizo linalofanana na hili, lakini lao ni jepesi. Kwao kila kitu ni mstari mnyoofu, na nukta zote zinaruhusiwa. Wanachora mipaka, wanatazama pembe, na jibu bora hupatikana kwenye pembe. Mmarekani George Dantzig ndiye aliyetunga mwaka wa 1947 njia ya kutembea kutoka pembe hadi pembe hata kama vitu vya kuamuliwa ni mamia. Sisi wenye mkunjo na nambari nzima hatuna pembe ya kushika.

Hata watu walioanza na mistari minyoofu, walipotaka nambari nzima, walipata taabu. Ralph Gomory alichapisha mwaka wa 1958 njia ya kukata vipande vya eneo visivyo na nambari nzima. Mwaka wa 1960 wanawake wawili, Ailsa Land na Alison Doig, wakachapisha njia ya matawi na mipaka: gawanya tatizo katika matawi, na tawi ambalo hata likifanya vizuri kabisa haliwezi kushinda jibu ulilo nalo, likate bila huruma. Wasichana wenzangu mnaosema Hisabati ni ya wavulana, mmesikia?

Kusawazisha desimali hakutoshi

Rafiki yangu mmoja alikuja na wazo ambalo hata mimi nililipenda. "Jifanye unaweza kununua vipande," akasema. "Pata jibu kwa desimali, halafu sawazisha kuwa nambari nzima."

Mwalimu alitusaidia kwa kompyuta ya shule. Jibu la vipande likawa: maiki 1.72, waya 1.85, betri seti 3.08, na uwezekano kama asilimia 78. Haya, sawazisha kama kawaida: maiki 2, waya 2, betri 3. Piga gharama ya akiba: shilingi 1,300. Tumevuka mpaka, hatuna pesa hizo. Basi shusha zote chini: maiki 1, waya 1, betri 3. Gharama ni 400 tu, lakini uwezekano ni asilimia 52.4, na shilingi 700 zimekaa mfukoni bure.

Juu haiwezekani, chini ni hasara. Na hapo ni vitu vitatu tu. Ukiwa na vitu 30, kila kimoja unaweza kukipandisha au kukishusha, na njia za kufanya hivyo zinazidi bilioni moja. Kusawazisha kunageuka kuwa tatizo jipya.

Hata hivyo, usilitupe jibu la vipande. Lina kazi moja kubwa. Anayeruhusiwa vipande anaruhusiwa kila alichoruhusiwa asiye na vipande, na zaidi. Kwa hiyo hakuna orodha ya nambari nzima itakayozidi asilimia 78. Hiyo ndiyo dari ya nyumba. Ukiwa na jibu la kukadiria, tazama dari. Orodha yangu ya pupa ya asilimia 66.5 ilikuwa chini ya dari kwa pointi 11.5. Orodha ya maiki mbili iko chini kwa pointi 4.6. Hata kama nisingeandika zote 21, ningejua kwamba sijapoteza zaidi ya pointi 4.6. Kwa maoni yangu hapa ndipo mkadiriaji anapotofautiana na mbahatishaji. Wote hawana uhakika wa jibu, ila mkadiriaji anajua anaweza kuwa amekosea kwa kiasi gani.

Kupanda kilima gizani

Njia nyingine ni kuanza na orodha yoyote, kisha kuibadilisha kidogo kidogo. Toa kifaa kimoja, weka kingine. Ikiwa umepanda, kaa hapo. Ikiwa umeshuka, rudi. Haba na haba hujaza kibaba. Ni kama mtu anayepanda kilima usiku bila tochi: anapapasa kwa mguu, akihisi kumeinuka anakanyaga.

Tukajaribu kutoka kwenye orodha yangu ya betri tano. Ukitoa seti moja ya betri unapata shilingi 200, hazinunui kingine isipokuwa hiyo hiyo betri. Ukitoa waya unapata 300, unanunua betri ya sita, uwezekano unashuka. Kila upande ni mteremko! Mpanda kilima anakaa chini, anapiga kifua, "Nimefika kileleni!" Kumbe yuko juu ya kichuguu, na mlima wenyewe uko ng'ambo ya bonde.

Njia ya kufika mlimani ni hii: toa betri moja, asilimia 66.5 inakuwa 65.5. Toa ya pili, 62.9. Toa ya tatu, 56.4. Umeshuka pointi kumi, na ungekuwa mweka hazina wangekupigia kelele. Lakini sasa una shilingi 600 mkononi. Nunua maiki, na ghafla uko asilimia 73.4.

Ndugu msomaji, nilipoiona njia hiyo niliikumbuka methali tunayoandika kila mara kwenye insha bila kuifikiria: mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Njia ya mhunzi

Lakini nani atakuambia uiname wapi, na kwa muda gani? Ukishuka ovyo utatembea mabondeni maisha yako yote.

Mwaka wa 1983 watafiti watatu wa IBM, Scott Kirkpatrick, Daniel Gelatt na Mario Vecchi, walichapisha njia iliyoiga kazi ya chuma. Chuma kikipashwa moto mkali, chembe zake hurukaruka huku na huko. Kikiachwa kipoe polepole, chembe hupata wakati wa kujipanga vizuri. Kikipozwa ghafla, zinaganda popote zilipo, hata kama mpango wenyewe ni mbovu.

Basi katika njia hii unaanza ukiwa "moto". Hatua inayokupandisha unaikubali daima. Hatua inayokushusha unaikubali wakati mwingine, kwa bahati nasibu. Na kadiri inavyokushusha zaidi ndivyo nafasi yake inavyopungua. Polepole unapoza, unakuwa mkali zaidi na zaidi kwa hatua mbaya, hadi mwisho unakubali kupanda tu.

Tulijaribu mezani kwa dadu ya ludo, kwa njia iliyorahisishwa. Mwanzoni hatua mbaya inakubaliwa dadu ikionyesha 1 hadi 4. Baadaye 1 au 2. Baadaye 1 tu. Mwishowe hakuna. Mara ya kwanza tulikwama tena kwenye betri nyingi. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu dadu ilitushusha, ikatushusha, maiki ikaingia, na hakuna aliyetaka kutoka hapo tena. Tulipiga makofi hadi mwalimu wa zamu akaja kuuliza kulikoni.

Kumbuka, njia ya mhunzi haikupi ahadi. Ukipoza haraka utakwama. Inataka subira na kurudiarudia, na haraka haraka haina baraka.

Njia ya vizazi na njia ya mwiko

Nitataja mbili zaidi kwa ufupi. John Holland wa Chuo Kikuu cha Michigan alitoa mwaka wa 1975 kitabu kilichoeleza njia inayoiga uzazi. Badala ya orodha moja, unaweka kundi zima. Unachukua orodha mbili kama mama na baba, unakata, unaunganisha kichwa cha moja na mkia wa nyingine. Wanaofaa wanabaki kuzaa, wasiofaa wanaachwa. Mara mojamoja unabadilisha nambari moja kwa bahati, ili ukoo usifanane mno.

Hebu ona. Mama: maiki 2, waya 1, betri 3, ni asilimia 68.1. Baba: maiki 1, waya 2, betri 2, ni asilimia 56.4. Mtoto akichukua maiki za mama na mengine ya baba anakuwa 2, 2, 2. Huyo ndiye bingwa wetu wa 73.4! Amewashinda wazazi wote wawili. Lakini nisikudanganye: ndugu yake aliyechukua yaliyobaki ni 1, 1, 3, mwenye asilimia 52.4. Ndiyo maana unahitaji kundi kubwa na vizazi vingi. Na mtoto akizaliwa na gharama inayovuka mpaka? Wengine humtupa, wengine humtoza faini kwa kumpunguzia alama, ili kundi lijifunze kurudi ndani ya bajeti.

Njia ya mwiko ilipendekezwa na Fred Glover mwaka wa 1986. Mpanda kilima analazimishwa kuchukua hatua iliyo bora kati ya zilizopo, hata kama zote ni za kushuka. Ila anaandika alikotoka, na kwa muda fulani ni mwiko kurudi huko. Hivyo hazunguki palepale kama punda wa kinu.

Je, ni uvivu?

Kuna waliosema, "Mnakadiria kwa sababu hamjui njia halisi." Niliwahi kufikiri hivyo pia. Lakini sikiliza. Mwaka wa 1900 Mjerumani David Hilbert aliuliza kama kuna utaratibu mmoja wa kuamua ikiwa mlinganyo wowote wa nambari nzima, wenye vipeo, una jibu au hauna. Watu walitafuta miaka 70. Mwaka wa 1970 Yuri Matiyasevich, akimalizia kazi ya Martin Davis, Hilary Putnam na Julia Robinson, alithibitisha kwamba utaratibu huo haupo, wala hautakuwepo kamwe. Mwaka wa 1973 Robert Jeroslow akaonyesha kwamba hata matatizo ya kutafuta jibu bora kwa nambari nzima, mipaka ikiwa na miraba na nambari zikiachwa bila ukomo, hakuna programu itakayoyatatua yote.

Tukiweka ukomo, kama bajeti yetu, jibu lipo na ukipenda unaweza kuhesabu zote. Shida ni ile miaka 29,000. Kwa hiyo kukadiria si uvivu. Ni kukubali kwamba maisha ni mafupi na kazi lazima ifanywe.

Na kazi zenyewe ziko kila mahali. Mabomba ya maji yanauzwa kwa vipimo maalumu, nusu inchi, robo tatu, inchi moja. Huwezi kuagiza kipimo chochote upendacho, na msuguano wa maji ndani ya bomba haufuati mstari mnyoofu. Anayepanga maji ya kijiji kwa gharama ndogo ana tatizo letu. Mitambo ya umeme, iwe ni ya mabwawa ya mto Tana kama Masinga na Kiambere au ya mvuke wa Olkaria, huwashwa au huzimwa. Huwezi kuiwasha nusu ya uamuzi. Mtambo unaochoma mafuta nao gharama yake hupanda kwa mkunjo. Anayeamua uwake upi saa ngapi, ana tatizo letu pia. Hata vifaa vya akiba kama vile vyetu ni somo kamili kwa mainjinia, kwa sababu ndege au mashine ya hospitali ikikata, hasara yake si ngonjera.

Siku yenyewe

Tulinunua maiki moja, waya mmoja na seti moja ya betri. Tarehe 7 Julai mwaka huu wazazi walikuja tena, wengine wakinong'ona kuhusu mwaka jana. Katikati ya shairi la pili, maiki ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Moyo wangu ulisimama. Yule msichana wa Kidato cha Kwanza alikuwa ameketi kando ya spika, maiki ya pili ikiwa mapajani. Akachomoa, akachomeka. Mshairi alirudia ubeti mmoja tu, shairi likaendelea hadi mwisho, na sherehe ikamalizika.

Nafikiria hadi leo: kama mkutano ungeipitisha orodha yangu, ningekuwa nimesimama pale na seti nne za betri mpya mikononi, na ukumbi kimya.

Sisemi kwamba siku moja inathibitisha hesabu. Asilimia 73.4 maana yake ni kwamba karibu sherehe moja katika kila nne bado itakatika, na mwaka ujao huenda ikawa zamu yetu. Tulifanya lililo bora kwa pesa tulizokuwa nazo, na tulijua dari iko wapi.

Nawaachia fumbo, hasa ninyi wa Chama cha Hisabati mnaotucheka. Mwaka ujao tukipata shilingi 1,300 badala ya 1,100, na bei zisibadilike, orodha bora ni ipi? Na je, yule mwenye pupa ataipata safari hii, au atakwama tena? Jaribuni hatua kwa hatua. Mimi jibu lilinishangaza. Leteni majibu kwa mweka hazina, darasa la Kidato cha Tatu, karibu na dirisha.

Wasalaam.